Mwili usiotulia, akili iliyo hai



Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, mtoto anayejinyonga mikono na shingo bila kukusudia hapiti bila kutazamwa. Barazani mmoja husema ana pepo. Mwingine huuliza mama yake alikosa nini. Swali hilo ni la zamani. Wanafunzi walimuuliza Yesu juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, naye akakataa kumlaumu kipofu au wazazi wake (Yohane 9).

Madaktari huiita mijongeo hiyo athetosisi, na mara nyingi huonekana kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Sehemu ya ndani ya ubongo inayoongoza mijongeo imeumia. Mtoto akitaka kushika kikombe, mkono huzidi kujipinda. Akilala usingizi, hutulia. Chanzo kimojawapo ni kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kingine ni manjano makali ya siku za mwanzo, ambayo yakizidi kwenye damu huingia ubongoni na kuudhuru.

Wazazi na mabibi, ngozi yetu huficha manjano. Tazameni weupe wa macho, ufizi na viganja. Mkiyaona siku ya kwanza, au mtoto mwenye manjano akilegea na kukataa kunyonya, msimwanike juani mkasubiri. Mpelekeni Mnazi Mmoja au hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo. Hospitalini hutibiwa kwa mwanga maalumu, na akiwahishwa ubongo wake huweza kuokolewa.

Na yule ambaye tayari ameumia? Christy Brown, mtoto wa mwashi wa Dublin, alizaliwa mwaka 1932 na mtindio wa ubongo. Wengi walidhani hana akili. Mama yake alikataa. Akajifunza kuandika kwa mguu wa kushoto, na mwaka 1954 kitabu chake kikachapishwa. Ulimi mzito si ushahidi wa akili pungufu.

Basi, mtoto wa namna hii akifikia umri wa Komunyo ya Kwanza, tusimwache nyumbani kwa kudhani haelewi. Katekista amuulize, kisha angoje. Jibu laweza kuja kwa macho, au kwa sauti ambayo mama peke yake anaielewa. Akitoa sauti katikati ya misa, tusigeuke kumkodolea macho.

Mefiboshethi alilemaa miguu baada ya yaya kumwangusha. Mfalme Daudi hakumwambia apone kwanza. Alimpa nafasi mezani pake kila siku (2 Samweli 9). Je, parokiani kwako, nani bado hajapewa nafasi mezani pa Bwana?