Mdudu Ndani ya Jiwe: Kaharabu au Sandarusi?

Juma lililopita baada ya sala ya Alasiri nilikuwa nimekaa barazani kwangu Malindi, akanijia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye ana kiduka cha vitu vya watalii pale Hurumzi. Hata kukaa hakukaa. Alinisogezea simu yake usoni. "Shikamoo mjomba, hebu tazama hii."

Nikavaa miwani. Lilikuwa jiwe la rangi ya asali, kubwa kama ndimu, na katikati yake amelala mjusi mzima, mkia wake na vidole vyake vyote. Chini ya picha muuzaji ameandika kwamba hiyo ni kaharabu ya Afrika Mashariki, umri wake miaka milioni 30, bei dola 400, na limebaki moja tu. Kijana fedha anazo. Amezikusanya kwa miezi ili aezeke upya paa la nyumba ya mama yake, na hesabu yake ilikuwa kwamba jiwe atalinunua kwa 400, atamuuzia mgeni kwa 1,000, paa liezekwe na chenji ibaki.

Nikamwambia, "Kaa kitako kwanza."

Kaharabu, wasikilizaji, si jiwe. Ni utomvu wa miti ya zamani sana, ule mzito unaonata, uliofukiwa ardhini ukakauka na kugeuka mgumu kwa mamilioni ya miaka. Ile itokayo pwani za bahari ya Baltiki, kule Ulaya ya Kaskazini, ina umri wa miaka milioni 40 hivi. Ile ya Burma inakaribia milioni 100. Mdudu aliyenaswa humo ni kisukuku cha kweli, na mara nyingi ni wa aina ambayo haipo tena duniani. Ndiyo maana watu hulipa.

Sasa, huku kwetu tuna ndugu yake mdogo. Jina lake ni sandarusi, na Unguja yetu iliwahi kutajirika kwayo. Karne ya 19 wachimbaji wa Mrima, kuanzia pande za Bagamoyo kushuka Rufiji hadi Kilwa, waliichimbua katika ardhi nyekundu, ikaletwa hapa mjini, na meli za Kimarekani zikaipakia kwenda Salem, bandari ya Massachusetts, ambako ilioshwa na kuuzwa kwa watengeneza vanishi. Waliokuwa wakiijua kazi hiyo waliitenga kwa macho tu. Iliyokomaa ardhini ilikuwa na vipele juu yake kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ile changa waliiita chakazi, neno ambalo wageni walilishindwa ulimini wakaligeuza kuwa "jackass", yaani punda, na kwa jina hilo la punda ikauzwa India na China. Basi utaona kwamba tangu hapo jina la bidhaa hii halikupata kutulia.

Mti wake ni msandarusi, na mti huo uko hai hadi leo. John Kirk, aliyefika hapa mwaka 1866 kuwa daktari wa ubalozi mdogo wa Uingereza, ndiye aliyewaeleza wataalamu wa kwao kwamba sandarusi ya kuchimba na ile inayodondoka mtini ni za mti mmoja. Hili ndilo la kushika. Sandarusi umri wake ni wa mamia ya miaka, pengine maelfu, si mamilioni. Sichu, mbawakawa, na wale nyuki wadogo wasiouma utakaowakuta ndani yake ni jamaa za hawa tunaowafukuza jikoni. Ni kitu kizuri, na si bandia hata kidogo. Bandia ni lile jina la kaharabu lililobandikwa juu yake, pamoja na ile milioni 30.

Mpwa wangu akasema, "Lakini mjomba, muuzaji ameonyesha na video. Jiwe analitia katika glasi ya maji ya chumvi, linaelea." Ni kweli, kaharabu huelea katika maji yaliyokolea chumvi, na kioo huzama, na plastiki nyingi huzama. Lakini sandarusi nayo huelea! Video ile imethibitisha tu kwamba kitu kile si kioo. Muuzaji amejibu swali ambalo hakuna aliyemwuliza.

Nikaingia ndani nikatoa kipande cha sandarusi alichoniachia babu yangu, nikamwomba mke wangu ile dawa yake ya kuondolea rangi ya kucha. Hakufurahi, lakini alinipa. Tulidondosha tone moja pembeni, tukangoja kidogo, kijana akagusa kwa kidole. Kidole kikanata. Kaharabu ya kweli tone lile haliigusi, kwa kuwa utomvu wake umekwisha kushikana kabisa. Sandarusi bado ni mbichi moyoni, japo kwa nje ni kavu kama mfupa. Jirani yetu mwenye duka ana ile taa ya kukagulia noti bandia, nayo yafaa: kaharabu aghalabu hung'aa kibuluu chini yake, sandarusi hung'aa kwa unyonge. Wapo pia wanaochoma kwa sindano ya moto, lakini hiyo huacha jeraha, nami siipendi.

Haya yote yataka kitu kiwe mkononi. Picha ya simu huwezi kuidondoshea dawa. Kwa hiyo aliye mbali humpima muuzaji kwanza. Jiwe limechimbwa wapi, kijiji gani, si "Afrika Mashariki" tu? Je, yuko tayari kulidondoshea dawa hiyo mbele ya kamera, na wewe ukimwona? Litarudishwa na fedha zako zikikataliwa na mpimaji? Na yule mdudu, mbona amelala katikati sawasawa kama picha ndani ya fremu? Mdudu aliyezama katika utomvu hupapatika, bawa huvunjika, mapovu humzunguka. Mjusi mzima, safi, wa dola 400, ni jambo la kushangaza mno, kwani walio wa kweli ni adimu hata katika majumba ya makumbusho.

Na hata hao wa majumba ya makumbusho hudanganywa. Mwaka 1922 jumba la viumbe asilia la London lilipata kipande cha kaharabu ya Baltiki chenye nzi wa aina ile inayozagaa vyooni. Wataalamu walistaajabu kwamba nzi huyo hakubadilika kwa miaka milioni kadhaa. Ilipofika 1993, Andrew Ross alikuwa akimtazama chini ya hadubini, joto la taa likafungua ufa. Kumbe kaharabu ilikuwa ya kweli, lakini mtu aliipasua, akachimba kishimo, akamtia nzi wa juzi, akaibandika tena. Miaka 70 na zaidi nzi wa chooni alikaa kabatini kwa heshima.

Kijana aliandika maswali yale akampelekea muuzaji pale pale barazani. Jibu lilikuja kabla ya Magharibi: bei imeshuka, sasa ni dola 250, lakini aamue usiku huo huo. Kuhusu kijiji, hakuna neno. Kuhusu dawa ya kucha, hakuna neno. Mpwa wangu akaiweka simu mfukoni.

Halafu akakitazama kile kipande cha babu, chenye sichu wawili ndani, akaniuliza kama nakiuza. Nikamwambia akitaka kukiweka dukani akakiweke, ila kiwe cha kuonyesha tu, na aandike kwa mkono wake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: sandarusi. Mafundi wa paa wanaanza kazi kwa dada yangu Jumatatu.