Je, Wajua? Picha Yako Ina Kufuli Tayari

Ukipiga picha ya soko la Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda papo hapo, hata bila kuisajili. Ulinzi hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Mchapishaji wa vitabu akiitaka, shurti akuombe ruhusa. Na atakupatia wapi?

Unaweza kutoa ruhusa mapema kwa leseni huria. Kwa mfano, Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, hutumia leseni ya CC BY-SA: nakili, badilisha, hata uza, mradi utaje mwandishi na kazi yako mpya ibaki huru vilevile. Ukitaka kuitumia leseni hiyo kwa kazi zako kwenye tovuti yako, mstari mmoja chini ya ukurasa unatosha: jina la leseni na kiungo chake. Ila fikiri kwanza: aliyekwisha kuichukua kazi kwa leseni hiyo huwezi kumnyang'anya.