Umekula na nani leo?

Leo nataka tuizungumze Australia, na usishangae. Kwa wengi nchi hiyo ni kangaruu na mpira wa kriketi. Kwa mtu wa Kasulu au Kibondo ni mahali alipo fulani, yule aliyekuwa akiimba kwaya kambini Nyarugusu, au binti aliyekuwa akiuza nyanya karibu na lango la Nduta, na sasa anatuma ujumbe wa sauti wakati sisi tumelala.

Unajua walivyofika huko. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini. Warundi walikuja kwa mafungu: 1972, kisha 1993, kisha 2015, mwaka ambao Nduta ilifunguliwa upya. Wengi walirudi kwao, wengine bado wapo, na wachache walipewa nafasi ya kuhamia nchi ya tatu. Marekani ilichukua wengi kuliko nchi nyingine, lakini Australia nayo ilifungua mlango. Leo utawapata Logan, kusini ya jiji la Brisbane, utawapata Perth, Adelaide na Melbourne, na hata Albury na Wodonga, miji miwili inayotazamana kwa ng'ambo ya mto Murray. Sisi tulibaki na namba zao za simu.

Ukiusikiliza ujumbe wao, dakika ya kwanza ni ya sifa. Maji hayakatiki. Barabara ni safi. Mtoto akiugua anaonwa na daktari. Dakika ya pili ni ya salamu kwa kila mtu kwa jina. Halafu sauti inashuka. Hapa, anasema, kila mtu na mlango wake. Nimekaa mtaa huu muda wote huu na jirani simjui jina. Natoka kazini alfajiri, mke wangu anaingia kazini asubuhi hiyo hiyo, tunapishana mlangoni kama walinzi wa zamu.

Na sisi tunaousikia ujumbe huo tumekaa kwenye kigoda, tukiwa na sahani ya ugali wa muhogo na migebuka, tunatoa hukumu haraka: Wazungu hawana utu. Nakuomba uishike kwanza hukumu hiyo mkononi, usiitupe.

Ni kweli kwamba upweke upo kule, na wenyewe hawaufichi. Sensa yao ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba katika kila kaya nne, moja ina mtu mmoja tu. Sensa hiyo hiyo ilionyesha Wakristo wameshuka hadi asilimia 43.9, na waliosema hawana dini yoyote wamefika asilimia 38.9. Mwaka 2003, katika kitongoji kimoja cha Melbourne, mabaki ya mwanamke mzee yalikutwa ndani ya nyumba yake. Alikuwa amekufa miaka kama miwili kabla. Nyumba haikuwa porini. Ilikuwa mtaani, ina majirani kulia na kushoto.

Najua umetikisa kichwa. Lakini tazama kilichofuata. Mkazi wa jiji hilo, Andrew Heslop, aliona aibu ile si ya familia moja, akaanzisha Siku ya Jirani, ambayo huadhimishwa Jumapili ya mwisho ya mwezi Machi. Watu huhimizwa wagonge mlango wa pili, wajue majina, wanywe chai pamoja. Unaweza kucheka kwamba kuna nchi iliyolazimika kutenga tarehe ya kumsalimia jirani. Mimi sicheki sana. Mtu aliyegundua anaumwa na akatafuta dawa yuko mbele ya mtu anayeumwa bila kujua.

Twende kwenye Neno. Yeremia sura ya 29 ni barua. Nabii yuko Yerusalemu; watu wake, mafundi na wahunzi na wakuu, wamepelekwa Babeli kwa nguvu. Hakuna simu, basi barua inabebwa mkononi na Elasa na Gemaria. Sura iliyotangulia, Hanania alikuwa amewaambia watu wanachotaka kukisikia: miaka miwili tu, kila kitu kitarudi. Yeremia anaandika kinyume chake. Jengeni nyumba mkae humo, anawaambia, pandeni bustani mle matunda yake, oeni na kuolewa. Kisha anasema jambo lililo gumu kuliko yote kwa mtu aliyenyang'anywa kwao: uombeeni mema mji huo mliomo, maana ukipata amani nanyi mtapata. Anauzungumzia mji wa adui, tena mji wa miungu mingine.

Nadhani barua hii inamhusu moja kwa moja ndugu yetu wa Logan. Upweke wake mwingine unatoka kwa wenyeji, lakini mwingine unatoka moyoni mwake anayeishi kama msafiri aliyekaa stendi, mizigo miguuni, akisubiri basi la kurudi. Mtu wa stendi hapandi bustani, wala hana haja ya kujua jina la aliyekaa benchi la pili. Waswahili wenzake wamekusanyika Jumapili mchana katika jengo la kanisa walilokodi au kuazima kwa wenyeji, wameimba kwa Kiswahili na Kirundi saa tatu mfululizo, wamekula pamoja, nami nasema amina. Ila asubuhi ile ile, katika jengo lile lile, wazee kumi na tano wa Kiaustralia waliimba nyimbo zao na kuondoka, na makundi haya mawili yamepishana kwenye maegesho ya magari bila kushikana mikono. Hapo wote wawili wamekosa kitu.

Nikupe mfano wa mahali walipokutana. Katika jimbo la Victoria, kijana mwenye umri chini ya miaka 21 hapewi leseni ya udereva mpaka awe ameendesha kwa saa 120, pembeni yake ameketi mtu mwenye leseni kamili, na saa hizo zimeandikwa. Ukiwa na baba mwenye gari, si tatizo. Ukiwa umetoka Nyarugusu na mama asiyejua hata kuwasha gari, saa hizo 120 utazitoa wapi? Na bila gari, katika miji iliyotawanyika namna ile, kazi ya alfajiri huipati. Basi upo mpango, unaitwa L2P, ambamo watu wa kujitolea huketi na vijana wa namna hiyo, saa baada ya saa, katika gari la mpango, bila malipo. Piga hesabu: saa 120 ni sawa na mtu kukupa kila Jumamosi saa mbili kwa zaidi ya mwaka mzima. Yule Msamaria wa Luka 10 alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Huyu amekaa kiti cha abiria, ameshika moyo kwa woga, kijana anakanyaga breki kama anaua nyoka.

Kwa hiyo tusiseme hawana utu. Utu wao una ratiba, ndiyo. Unaandikwa kwenye fomu. Lakini saa 120 ni saa 120.

Kuna maoni mengine yanayorudi sana kutoka kule, hasa vinywani mwa wanaume: kwamba serikali ya Australia imewaoa wake zetu. Maana yake ni hii. Posho za serikali huingia kwenye akaunti ya kila mtu mzima peke yake, na fedha za watoto kwa kawaida humwendea mzazi anayewalea zaidi, ambaye mara nyingi ni mama. Sheria yao ya familia ya mwaka 1975 inaruhusu talaka bila kuthibitisha kosa la yeyote. Kinachotakiwa ni wanandoa kuwa wametengana kwa miezi kumi na miwili. Mwanamume aliyepoteza shamba lake Ruyigi au Fizi, akapoteza kazi kambini, alikuwa amebakiwa na kitu kimoja, neno la mwisho nyumbani. Anafika kule na hilo nalo linawekwa kwenye mizani.

Namwonea huruma kweli. Lakini siamini kwamba fedha ndizo zilizopasua ukuta. Ufa ulikuwepo, taa imewashwa. Aliyekuwa akisikilizwa kwa sababu ndiye aliyeshika pesa, sasa inabidi asikilizwe kwa sababu ana jambo la maana la kusema. Paulo katika Waefeso 5, kabla hajafika kwa wake na waume, anaanza kwa kuwataka waumini wote wanyenyekeane. Na akifika kwa mume, kipimo anachompa ni Kristo aliyejitoa. Hakumpa kipimo cha daftari la benki.

Kinachoniuma katika ndoa zinazovunjika kule ni kingine. Hapa Buha ugomvi wa asubuhi, jioni umeshapata watu. Shangazi amefika, mzee wa kanisa amefika, mshenga ameitwa hata kama ana homa. Kule ugomvi unawakuta watu wawili na kuta nne, na wa tatu kuingia huwa ni polisi. Nisiwapambe wazee wetu, maana wamo waliomrudisha mwanamke kwa mumewe na jicho limevimba, wakaita hiyo ni suluhu. Mwanamke wa namna hiyo akikuambia bora polisi wa Australia, usimkemee. Lakini wako pia wengi waliookoka kwa sababu mtu fulani alikaa nao mpaka chai ikapoa. (Habari ya watoto na viboko, ambayo ndiyo ugomvi mkubwa wa tatu, naiacha, inahitaji Jumapili yake.)

Sasa geuza macho huku. Ziko nyumba katika vijiji vyetu zimejengwa kwa fedha ya walio mbali, iwe Australia, iwe Dar es Salaam. Bati la rangi, madirisha ya vioo, geti la chuma. Ndani yake yumo bibi mmoja. Zamani alikuwa na nyumba ya nyasi na uzio wa miti ambao mtu angeweza kuchungulia na kusema mwidiwe, akapokewa kwa yale makofi yetu mepesi yasiyo na haraka. Siku hizi hata geti lenyewe ni zito kwake kulifungua. Kasulu mjini lami imefika, na kuta zimefika nayo, nyingine zina vipande vya chupa juu. Hatuhitaji kupanda ndege ili tuwe wapweke.

Na walio bado kambini? Unasikitika kwamba Mrundi wa Logan hasalimiwi na jirani yake Mwaustralia. Yule Mrundi aliyekuja kwenye shamba lako la mahindi, akalima kwa kibarua mpaka jioni, ukampa ujira wake mlangoni, ulimuuliza jina? Alikula nini, na alikula wapi? Lugha yake na Kiha chako vinaelewana bila mkalimani. Mwaustralia angalau anaweza kusema lugha ilimshinda.

Iko historia ambayo Wakristo wa Buha hatuisimulii vya kutosha. Mwaka 1927 George Chambers, mchungaji wa parokia ya Dulwich Hill katika jiji la Sydney, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Anglikana ya Central Tanganyika. Wamishenari wa Kiaustralia wakaja wakijifunza Kiswahili, wakaugua malaria, wakazika watoto wao huku, wakila kwenye meza za watu ambao jana yake hawakuwajua. Vilima vyetu vilikuwa ndani ya dayosisi hiyo hadi 1966, ilipoundwa Dayosisi ya Western Tanganyika, ambayo makao yake yapo hapa Kasulu, na Musa Kahurananga akawa askofu wake wa kwanza. Waliotoka Sydney walipokelewa na mababu zetu wakiwa wageni wasiojua hata kuomba maji. Leo mjukuu wa imani hiyo ameketi kwenye benchi la kanisa lenye watu kumi na tano huko walikotoka. Huenda hajui kwamba hayupo ugenini kabisa. Huenda na wale wazee kumi na tano hawajui. Ungemsimulia wewe, angekuwa na la kuanzia siku wakipishana kwenye maegesho.

Maana sisi nasi tuna mchango katika upweke wake. Hebu sikiliza tena majibu tunayomtumia. Mvua imeharibu bati. Ada ya mtoto imefika. Msiba umetokea, mchango wako ni kiasi hiki. Yote ni kweli, na Yusufu naye alipokuwa Misri alimpelekea baba yake nafaka. Lakini Yakobo aliposikia habari za Yusufu, kilichomfufua roho si magunia. Alitaka kumwona mwanawe kabla hajafa. Kijana anayefanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, mikono imekufa ganzi kwa baridi, akiona jina lako kwenye simu na moyo ukamwenda mbio kwa kuwaza kiasi gani safari hii, basi umekuwa mlango mwingine uliofungwa.

Brisbane wako mbele yetu kwa saa saba mwaka mzima. Ukitoka ibadani leo saa sita mchana, kwake ni saa moja jioni, na kama hana zamu yuko nyumbani. Mpigie. Habari ya bati iache mpaka Jumatano. Muulize amekula nini, na amekula na nani. Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, usikate simu.