Roboti za kuchezea: mzazi wa Salamabila atazame nini kabla ya kutoa dola zake

SALAMABILA – Pesa ya dhahabu inaingia na kutoka haraka katika mji huu wa wilaya ya Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema. Siku mchimbaji anapobahatika, nyumba inapata mabati mapya, pikipiki inanunuliwa, na mtoto naye analetewa kitu. Kati ya vitu ambavyo mzazi mwenye simu anaona leo katika matangazo ni roboti ndogo za kuchezea, ambazo wauzaji wanasema zinamfundisha mtoto wa miaka 3 ao 4 mambo ya kompyuta.

Baadhi zinasaidia kweli. Zingine ni plastiki yenye taa na muziki tu. Kwa familia inayoagiza kutoka mbali, bila njia ya kurudisha kitu kibovu, kuchagua vibaya kunaweza kula pesa ya madaftari na unifomu za mwaka mzima.

Roboti inayofundisha ni ipi?

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka wa 1967, nchini Marekani, Seymour Papert, mtaalamu wa hesabu aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, pamoja na wenzake Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Baadaye waliiunganisha na roboti iliyoitwa kobe, ambayo ilitembea sakafuni na kuchora mistari kwa kufuata amri za mtoto.

Roboti za leo za watoto wadogo zinafuata njia ile ile. Mtoto anapanga amri kwanza: mbele, mbele, geuka kushoto, mbele. Kisha anabonyeza kitufe cha kuanza. Roboti inatii vile ilivyoambiwa, hata kama imeambiwa vibaya. Ikigonga mguu wa meza, mtoto anarudia amri zake moja moja mpaka aone ni ipi iliyoharibu safari. Anajifunza kuhesabu, kutofautisha kuume na kushoto, kupanga mambo kwa utaratibu, na kutovunjika moyo anapokosea.

Hivyo, mzazi akifika mbele ya muuzaji, ulizo la kwanza ni moja: je, mtoto anaweza kuweka amri tatu kabla roboti haijaanza kutembea, nayo ikazifuata kwa mpangilio ule ule? Kama jibu ni hapana, hicho ni kitu cha kuchezea kama vingine. Gari linaloendeshwa kwa rimoti ao mwanasesere anayecheza dansi halimfundishi mtoto kupanga amri, hata kama neno roboti limeandikwa kubwa juu ya katoni.

Inahitaji simu ao haihitaji?

Roboti hizi zimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza halihitaji skrini. Bee-Bot, ya kampuni ya TTS ya Uingereza, ina umbo la nyuki na vitufe vya mishale mgongoni. Kila amri ya mbele inaisogeza sentimeta 15, na kila amri ya kugeuka inaizungusha nyuzi 90. Cubetto, ya Primo Toys ya London, ni sanduku la mbao lenye magurudumu: mtoto anapachika vipande vya rangi kwenye ubao, na kila kipande ni amri. Code-a-Pillar ya Fisher-Price ni kiwavi ambaye kila kipande cha mwili wake ni amri. Botley, ya Learning Resources, ina kifaa chake kidogo cha kuwekea amri na inafaa kuanzia miaka 5.

Kundi la pili, kama Dash ya Wonder Workshop, linategemea programu inayowekwa kwenye simu ao tableti. Roboti hizo zinafanya mambo mengi zaidi na zinamfaa mtoto aliyekua kidogo. Lakini simu ikiharibika, ikiuzwa ao ikiwa mfukoni mwa baba aliyekwenda machimboni, roboti inabaki kimya.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 kuna sababu nyingine ya kuchagua kundi la kwanza. Mwezi Aprili 2019, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilishauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na kwamba muda mfupi zaidi ni bora.

Umeme, vumbi na lugha

Mahali ambapo watu wengi wanategemea paneli za jua, swali la betri si dogo. Bee-Bot inachajiwa kwa waya wa USB, kwa hiyo mahali simu inapochajiwa, nayo inaweza kuchajiwa. Cubetto, Code-a-Pillar na Botley zinatumia betri ndogo za kawaida. Zinapatikana madukani, lakini zile za bei rahisi zinaisha haraka, na gharama yake inajumlika mwezi kwa mwezi. Mzazi ahesabu betri pamoja na bei ya roboti.

Roboti nyingi za namna hii zimetengenezwa kwa sakafu laini. Juu ya udongo gurudumu linateleza, hatua ya sentimeta 15 inakuwa 12, na mtoto anadhani amekosea kumbe ni sakafu. Ubao mpana, meza ao simenti iliyofagiwa vinatosha.

Kuhusu lugha, maelezo ya vifaa hivi mara nyingi ni ya Kiingereza, pengine na Kifaransa. Vitufe vya mishale na vipande vya rangi havihitaji kusomwa. Mtoto anayezungumza Kiswahili ao Kibangubangu nyumbani anaanza mara moja.

Usalama kwanza

Mzazi atazame pia kifuniko cha betri: lazima kifungwe kwa skrubu. Betri bapa, zile zinazofanana na kifungo cha shati, ni hatari kubwa. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza koo lake vibaya kwa muda wa saa mbili tu. Akishukiwa kumeza, apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja dalili. Vipande vidogo vinavyoingia mdomoni navyo havifai kwa mtoto wa chini ya miaka 3.

Vitu vya kuchezea vyenye maikrofoni na intaneti vinaomba uangalifu mwingine. Mwezi Februari 2017, Ujerumani ilipiga marufuku mwanasesere aitwaye Cayla, kwa sababu angeweza kutumiwa kusikiliza maongezi ya nyumbani.

Moja kwa darasa zima

Bee-Bot inauzwa Ulaya na Marekani kwa karibu dola 100, na Cubetto kwa dola 200 ao zaidi, kabla ya kuhesabu usafiri mpaka Kabambare, ambako mvua ikinyesha malori yanakwama njiani. Ndiyo maana kununua kwa pamoja kuna faida. Wazazi 20 wakichanga dola 5 kila mmoja, wanafikia bei ya Bee-Bot moja kwa shule ya chekechea ao darasa la kwanza. Mwalimu anachora miraba ya sentimeta 15 kwa chaki, anaandika soko, kanisa, msikiti, mto na kituo cha afya, kisha anauliza kikundi cha watoto: nyuki atoke nyumbani afike sokoni bila kuanguka mtoni, mtamwambia nini? Watoto wanabishana, wanapanga, wanajaribu. Wakiwa kikundi wanajifunza pia kusikilizana, jambo ambalo mtoto mwenye roboti peke yake chumbani halipati.

Asiye na dola 5 naye hajafungiwa mlango. Tim Bell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, wanajulikana kwa mazoezi ya bure yanayofundisha kompyuta bila kompyuta, yaitwayo CS Unplugged. Njia rahisi ya namna hiyo ni hii: mtoto mmoja anakuwa roboti, mwenzake anampa amri zilizopangwa kwa mawe ao vipande vya katoni, na roboti haruhusiwi kufanya jambo ambalo hakuambiwa. Familia yenye tableti inaweza kupakua bure ScratchJr, iliyotoka mwaka wa 2014 kwa watoto wa miaka 5 hadi 7. Ikiisha kupakuliwa, inatumika bila intaneti.

Si mchezo tu

Nchini Kenya, serikali ilikubali mwezi Aprili 2022 mtaala wa kufundisha programu za kompyuta katika shule za msingi na za sekondari. Hapa kwetu, mhandisi Thérèse Izay na wenzake walionyesha tangu 2013, mjini Kinshasa, kwamba Wakongo wanaweza kutengeneza roboti zinazoongoza magari barabarani kwa nguvu za jua.

Maniema inatoa bati na dhahabu, madini yanayoingia ndani ya vifaa vya elektroniki vya dunia nzima. Elimu ya shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, na sheria ya Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumtumikisha mtoto kazi za hatari. Hata hivyo, mashimo ya dhahabu bado yanawavuta watoto wengi mashariki mwa nchi. Roboti moja haitawatoa humo. Lakini mtoto anayeona mapema kwamba mashine inafuata amri zake ana sababu moja zaidi ya kurudi darasani kesho yake, na hilo ndilo mzazi alipime kwanza anapohesabu dola zake: kitu hiki kitamfanya mtoto afikiri, ao kitamfanya atazame tu?