Paa aliugua, bwana wake hakushuka



Dominika moja baada ya Misa hapa Puge, mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alinifuata sakristia kabla sijavua alba. Tulisalimiana, kisha akaniambia kwa upole: "Padre, leo umetupa hadithi ya watoto. Sisi watu wazima tulikuwa tunasubiri homilia." Sijajibu, mama mmoja aliyekuwa akikunja vitambaa vya altare akadakia: "Mwalimu, kama ilikuwa ya watoto, mbona watoto walicheka na sisi tukanyamaza?"

Swali la mama yule ndilo nataka tulitafakari leo. Wengi wetu tunaamini kwamba hadithi ambayo mhusika wake mkuu ni mnyama ni ya kubembelezea watoto walale. Mtu akishaota ndevu anaachana na sungura na fisi, anageukia mambo mazito. Wazee wetu hawakuona hivyo, na Maandiko Matakatifu hayaoni hivyo.

Hadithi niliyoisimulia siku ile ni ya kale, inaitwa ya Sultani Darai. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana ambaye baadaye alikuwa askofu wa Zanzibar, aliipokea kutoka kwa watu wa Unguja, akaichapisha mwaka 1870 katika kitabu chake Swahili Tales. Huo ulikuwa wakati ambapo wapagazi Wanyamwezi walikuwa wakitembea kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani. Watu wa safari ya miezi, wanaoota moto kila usiku, hawakosi kusimuliana. Na waliokaa kuuzunguka moto ule walikuwa wanaume wenye sugu mabegani. Mwaka 1901 Andrew Lang akaiingiza hadithi hiyohiyo katika kitabu cha watoto huko Uingereza. Huenda ndipo sisi nasi tulipoanza kuidharau.

Inasema hivi. Maskini Haamdani alikuwa akipekua jaani kama kuku, akitafuta punje za mtama. Siku moja akaokota themuni, sarafu ndogo. Akapita mtu anauza paa, naye akamnunua mmoja. Majirani wakamcheka: hana chakula chake mwenyewe, atamlisha nini paa? Akagawana naye mtama wake, wakalala pamoja. Baada ya siku kadhaa paa akafunua kinywa akasema. Akaomba ruhusa ya kwenda kujilisha porini, na huko akaokota almasi. Akaipeleka kwa sultani wa nchi ya mbali kama zawadi kutoka kwa bwana wake, ambaye alimpa jina la Sultani Darai. Akampatia bwana wake mavazi, akamposea binti wa sultani, akamuua nyoka wa vichwa saba ili kumpatia nyumba kubwa ya kifahari. Mpekua jaa akawa bwana mkubwa.

Halafu paa akaugua. Alilala chini, akamtuma bibi kizee aliyekuwa mle nyumbani: nenda juu ukamwambie bwana naumwa. Bwana yuko ghorofani na mkewe. Akajibu: mpikieni uji wa mtama duni. Mkewe akashangaa, akamkumbusha yote waliyotendewa. Haamdani akauliza kwani paa yule alimnunua kwa kiasi gani. Si themuni tu? Bibi kizee akapanda na kushuka, akapanda na kushuka. Bwana hakushuka. Paa akafa, akatupwa kisimani. Mke alilia. Usiku akaota yuko kwa baba yake, akaamka akajikuta yuko huko kweli. Haamdani naye akaota anapekua jaani. Alipoamka, alikuwa jaani.

Ndugu zangu, hadithi hii ina mambo gani ya mtoto? Mtoto bado hajapandishwa na mtu akamsahau. Ni mtu mzima tu anayejua uzito wa kuitwa chini na kutoshuka.

Sasa tufungue Biblia. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12, nabii Nathani anatumwa kwa mfalme Daudi aliyemchukua mke wa Uria na kupanga kifo cha Uria. Nathani hakuanza kwa kumshtaki mfalme. Alianza na mwanakondoo: maskini mmoja alikuwa naye huyo tu, anakula katika sahani yake, analala kifuani pake kama binti, mpaka tajiri mwenye mifugo tele alipomchinja ili kumkirimu mgeni. Daudi akawaka hasira, akatamka hukumu ya kifo. Ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Katika Dominika ya 11 ya Mwaka C, somo letu la kwanza linaanzia mstari wa 7, yaani baada ya mwanakondoo kwisha kusimuliwa. Nawashauri mkifika nyumbani msome tangu mstari wa kwanza. Bila mwanakondoo yule, Daudi angejitetea.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya hadithi za wanyama kwa watu wazima. Ukinitajia mtu, nitauliza ni wa ukoo gani, wa chama gani, wa dhehebu gani, kisha nitapima kama nimtetee au nimlaumu. Paa hana ukoo. Mwanakondoo hana chama. Moyo unashusha ngao zake, unahukumu kwa haki, na ukishahukumu, ndipo unagundua kwamba kesi ilikuwa yako.

Lakini upo mtego, nao nauona katika kitabu ambacho wengi wenu mlikisoma sekondari. Mwingereza George Orwell alikitoa mwaka 1945. Fortunatus Kawegere akakitafsiri kwa jina la Shamba la Wanyama, nacho kikatoka mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Wanyama wanamfukuza bwana wao mkatili, kisha nguruwe wanakuwa mabwana wapya. Kila aliyekisoma anawajua nguruwe: ni mwenyekiti wake, ni bosi wake, pengine ni paroko wake. Sijakutana na msomaji hata mmoja aliyeniambia, "Padre, nguruwe ni mimi." Daudi naye alikuwa na hasira kali, lakini kwa mtu mwingine. Toba yake ilianza pale alipokubali kwamba anayesimuliwa ni yeye.

Kwa hiyo nisiwahubirie tu. Katika kigango nilikozaliwa alikuwapo katekista mmoja. Ndiye aliyenifundisha ishara ya msalaba, na ndiye aliyeuza mbuzi wake wawili ili nipate nauli na vifaa vya kuanzia seminari ndogo. Alinisindikiza kwa baiskeli, sanduku langu la mbao likiwa nyuma, yeye akitembea na kuisukuma, mpaka barabarani pa kupandia gari. Miaka michache iliyopita aliugua. Mara tatu nililetewa ujumbe kwamba ananiulizia. Mara tatu nilimtumia pesa kwa simu. Nilikuwa na semina, nilikuwa na ujenzi wa nyumba ya mapadre, nilikuwa na sababu. Nilifika siku ya maziko, nikaongoza Misa, nikamsifu kwa dakika arobaini. Mjane wake alinishukuru sana kwa zile pesa, na shukrani zake ndizo zilizoniumiza kuliko lawama yoyote.

Angalieni, Haamdani hakumnyima paa chakula. Alituma uji. Lakini paa alikuwa anamtaka yeye. Siku hizi uji wetu unapita kwenye simu, na mlio wa muamala ukisikika tunadhani tumeshuka ngazi.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Nimeanza kuwa na mashaka kama tumemtendea haki punda. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22, punda wa Balaamu alimwona malaika aliyeziba njia, akamwokoa bwana wake asiuawe, akalipwa kipigo mara tatu. Mungu akamfungua kinywa, naye akauliza tu amekosa nini, yeye aliyembeba siku zote. Isaya naye, sura ya kwanza, anasema ng'ombe na punda wanamjua bwana wao, ila watu wa Mungu ndio wasiojua. Basi yale mateke tuliyomwandikia punda huenda ni yetu.

Nilimjibu yule mwalimu kwamba ana haki, hadithi ile wanaisikia watoto pia. Ila nilimwomba ajiulize jambo moja, nami najiuliza pamoja naye, na wewe msomaji ujiulize leo kabla ya chakula cha mchana: ni nani aliye chini, aliyekupandisha hapo ulipo, ambaye amekwisha kumtuma bibi kizee zaidi ya mara moja? Usitume uji. Kama yu hai bado, shuka.

Nawatakia Dominika njema.