Sifa ya mkopaji huanza chuoni

Katika soko la Busunzu, wilayani Kibondo, mfanyabiashara wa mazao mwenye jina zuri anaweza kuondoka na magunia ya maharage kwa mali kauli, akalipa baada ya kuyauza Kahama. Hana karatasi wala dhamana. Muuzaji anamfahamu, anapafahamu kwao, na anakumbuka kuwa msimu uliopita alilipa siku aliyoahidi.

Benki haina njia ya kumfahamu mtu namna hiyo. Yenyewe hutazama kumbukumbu. Kwa kijana aliyeko chuo, kumbukumbu hizo huanza kuandikwa kabla hajapata kazi, mara nyingi bila mwenyewe kujua. Wiki hii tunaeleza zinavyoandikwa, kwa kuwa wasomaji wetu wengi wana watoto vyuoni, na si wote watakaoajiriwa. Baadhi watarudi nyumbani kutafuta mtaji wa kununua mazao.

Kumbukumbu zinakokaa

Benki Kuu ya Tanzania ina kanzidata ya taarifa za wakopaji, ambayo mabenki hutakiwa kuipelekea habari za mikopo yao. Mwaka 2013 kampuni mbili, Creditinfo na Dun & Bradstreet, zilipewa leseni ya kuchambua taarifa hizo na kuwauzia wakopeshaji ripoti. Afisa mikopo anapopokea maombi yako, ripoti hiyo ni miongoni mwa vitu vya kwanza anavyovitazama.

Ripoti haiandiki mabaya peke yake. Mkopo uliolipwa kwa wakati nao huonekana. Kwa hiyo asiyewahi kukopa hana doa, lakini pia hana ushahidi wa kumsaidia. Afisa atabaki kutegemea dhamana, na kijana aliyetoka chuo hana nyumba wala shamba lenye hati.

Mkopo wa simu

Mkopo wa kwanza wa mwanafunzi kwa kawaida ni wa simu. Huduma ya M-Pawa ilianzishwa mwaka 2014 na Vodacom pamoja na benki ya CBA, na nyingine za aina hiyo zikafuata. Mwanafunzi hukopa shilingi elfu kumi au ishirini za nauli na chakula, akidhani ni jambo dogo kati yake na simu yake. Nyuma ya huduma kama hiyo kuna benki, na deni lake ni deni kama mengine.

Tuchukue mfano wa mkopo wa Sh. 50,000 wa mwezi mmoja wenye ada ya asilimia 9. Ada ni Sh. 4,500, na kwa dharura moja si kubwa. Lakini anayelipa leo na kukopa tena kesho, miezi 12 mfululizo, atakuwa ametoa Sh. 54,000 za ada. Hizo zinazidi fedha alizokopa. Kukopa mara kwa mara si njia ya kujenga sifa. Mkopo mmoja au miwili kwa mwaka, uliolipwa kabla ya siku yake, unatosha.

Wazazi wanapaswa kuangalia jambo moja zaidi. Laini za simu siku hizi husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Kijana anayetumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mama yake, akikopa asilipe, deni limeandikwa kwa mama. Huenda mama huyo ndiye mwenye kibanda cha duka anayetaka kuomba mkopo wa msimu. Kila mmoja awe na laini yake.

Wapo pia wakopeshaji wa mitandaoni wasio na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za namna hiyo na kuzipiga marufuku. Mikopo yao ni ya kausha damu, na anayechelewa husumbuliwa hadi jamaa zake hupigiwa simu. Hata ukiwalipa vizuri, usitegemee benki ikuhesabie sifa.

Deni la Bodi

Deni kubwa la mwanafunzi ni lile la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Marejesho huanza miezi 24 baada ya kumaliza masomo. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa Sh. 600,000 hukatwa Sh. 90,000 kila mwezi.

Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Huo ulikuwa unafuu mkubwa, lakini deni lenyewe lilibaki.

Hapa ndipo anayerudi kufanya biashara hujikwaa. Aliyeajiriwa hukatwa bila kufikiri. Aliyejiajiri hana wa kumkata, na ni wajibu wake kupeleka malipo mwenyewe. Akikaa kimya miaka mitatu kwa kuwa hajapata ajira, siku atakapokwenda benki kutafuta mtaji anaweza kukuta deni hilo limemtangulia mezani.

La kufanya

Kwanza, kijana afungue akaunti kwa jina lake akiwa bado chuoni, na apitishe humo fedha zake, hata kama ni chache. Pili, ajiunge na kikundi cha kuweka na kukopa au SACCOS yenye leseni, na alipe kwa tarehe. Tatu, asiweke jina lake kuwa mdhamini wa mwenzake kwa ajili ya urafiki, maana deni la mwenzake likikwama litamrudia yeye.

Nne, aombe ripoti yake na kuisoma kabla ya kuomba mkopo. Ni haki yake, na akikuta kosa anaweza kulipinga lisahihishwe. Anayechelewa kulipa naye asizime simu. Aende kwa mkopeshaji kabla siku haijafika, waongee upya. Wenye magunia wa Busunzu humwongezea muda mdeni aliyekuja mwenyewe kueleza, kuliko yule wa kutafutwa.