Kurefusha hatua si kukimbia

Mwenzetu mumoja aliniuliza: farasi anafunzwaje kurefusha hatua akiwa kwa troti?

Hatua ndefu inatoka kwa miguu ya nyuma, si kwa kuvuta kichwa. Kwanza tafuta mwendo wa sawasawa. Njia ikinyooka, mwambie asukume, hatua 5 ao 6 tu. Legeza kamba kidogo, shingo inyooke. Kisha rudisha mwendo wa kawaida, umusifu. Miguu ikianza kwenda mbiombio, hatua zimefupika: umemuharakisha, haujamufunza.

Lakini huku Kasongo na Kabambare farasi atakufa na nagana, ugonjwa wa nzi tse-tse. Hata wakati wa Tippu Tip pembe za tembo zilipita kwa mabega ya watu. Leo mpunga unapita kwa kichwa na kwa kinga.

Ng'ombe wa N'Dama, yeye, anavumilia nagana, na kule Afrika ya Magharibi anavuta plau na mukokoteni. Kanuni ile ile inamufaa: mwendo sawa, hatua ndefu, bila haraka.

Sisi wa lisansi tunangojea kazi Kindu, na mama zetu wanabeba mizigo. Nani ataanza na ng'ombe wawili?